Kiganja cha Anko Kwenye Tanuri

Kazi yangu ni kuvunja vitu polepole. Nikisema hivyo shughulini watu wanacheka, halafu wananiuliza kazi yangu hasa ni ipi. Ndo hiyo. Nachukua kipande cha kauri kilichotiwa nyuzi ndani, chembamba kama rula ya mtoto wa shule, nakiingiza kwenye tanuri dogo la umeme mpaka kinawaka chekundu. Kisha mashine inakivuta na kukiachia, inakivuta na kukiachia, kutwa nzima, mie nimekaa pembeni natazama ufa mwembamba kuliko unywele unavyotembea. Ukitembea naandika. Usipotembea nakunywa chai.

Kauri za namna hii zinatakiwa kwenye matumbo ya injini za ndege, mahali ambapo chuma kingelegea kwa joto. Kauri haiogopi moto, ila ina tabia moja mbaya: ikiamua kupasuka inapasuka yote, kama sahani iliyokuponyoka. Sasa ukiitia nyuzi, zile nyuzi zinashika pande mbili za ufa zisiachane. Haifi ghafla tena. Inachoka kidogo kidogo. Na mie ndo nasomea huo uchovu.

Jaribu kumweleza shangazi yangu hayo.

"Unasomea nyufa?" aliniuliza siku niliyohamia kwake Mtoni. "Miaka yote hiyo shuleni, nyufa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi umefika. Nyumba hii kuanzia ukumbini mpaka chooni ni nyufa tupu. Ungekuja kusomea hapa tangu darasa la kwanza, tusingehangaika na sare."

Shangazi ni dada yake baba, mwanamke wa pwani haswa, sauti yake inafika Barabara ya Kilwa kabla yeye hajavaa ushungi. Anaoka skonsi. Uani kwake kuna tanuri la udongo, na tanuri hilo alijengewa na marehemu mumewe, ambaye mie nilimwita Anko. Anko alikuwa fundi pancha. Hakujua ufinyanzi wala uashi, ila alikuwa na imani moja kubwa maishani: kwamba hakuna tatizo lisilotibika kwa tairi bovu. Bawaba za mlango wake zilikuwa za tairi. Kuku wake walikunywa maji kwenye tairi. Basi Shangazi alipolalamika kwamba kila tanuri analojengewa linapasuka, Anko alileta udongo wa mfinyanzi, wakaukanyaga wote wawili kwa miguu, halafu akachomoa zile nyaya nyembamba zilizomo ndani ya tairi, akazikatakata na kuzichanganya humo. Majirani walicheka mpaka wakachoka.

Miaka baadaye, chuoni, mhadhiri alituonyesha picha ya kauri iliyotiwa nyuzi. Nikaropoka, "Hee! Tanuri la Anko!" Mhadhiri akaniuliza kwa adabu huyo Anko ni mtaalamu wa chuo gani. Darasa zima liliniita Anko mpaka namaliza.

Lakini kitu ambacho Shangazi alikipenda kwenye lile tanuri hakikuwa nyaya. Lilipokuwa bado bichi, Anko aligandamiza kiganja chake cha kulia juu ya mdomo wa tanuri, alama ikabaki. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda, kwa sababu jeki iliwahi kumponyoka, na hicho kidole kilichopinda kilitoka vizuri kuliko vyote. Anko alipofariki, Shangazi alianza mtindo wake. Kila asubuhi, kabla hajawasha, anachovya mkono kwenye unga, anauweka ndani ya kile kiganja, na kusema, "Amka, tuna kazi." Hakulia, wala hakutaka mtu asimame karibu na uso wa huzuni. Alikuwa akimwamsha mumewe, basi, kama alivyokuwaga akimwamsha siku zote.

Ufa ulianzia kwenye kona ya mdomo wa tanuri. Nyufa zinapenda kona. Hilo ningeweza kukuambia hata nikiwa usingizini. Asubuhi moja ya Jumapili Shangazi aliniita uani kwa sauti ndogo, na kwa Shangazi sauti ndogo ni jambo la kuogofya. Nikapiga magoti, nikamulika kwa tochi ya simu. Ufa ulipanda mshazari kutoka kona ya kulia, na ukiufuata kwa macho unaona kabisa unakoelekea.

"Utafika?" akaniuliza.

"Wapi?"

"We mtoto usinichoshe. Utafika kwake?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuuliza tanuri litabomoka lini, wala skonsi zitaokwa wapi. Aliogopa kuja kuamka siku moja akute kile kiganja kimegawanyika vipande viwili. Niliona midomo yake inacheza, mie roho ikaniuma, na roho ikiniuma huwa naongea sana. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwamba katika Temeke nzima hakuna ufa uliowahi kukutana na mtu kama mie. Nikachukua penseli, nikaweka alama ndogo mahali ncha ya ufa ilipoishia, tuone kama utasogea.

Ulisogea. Kufikia mwisho wa wiki ulikuwa umeivuka alama ya penseli, nikaweka nyingine. Jirani yetu akaja kutazama. Huyu tunamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Ni mwanamama kutoka Upareni, anafundisha shule ya msingi, na hawezi kuona kitu kinaharibika akakaa kimya. Alikuja na saruji iliyobaki alipokuwa anakarabati choo chake, na mwiko juu.

"Tuzibe, Mama," akamwambia Shangazi. "Mbona jambo dogo hili."

"Hakuna kuziba," nikasema. "Na naomba tusiambiane ule msemo wa ufa. Nimeshaambiwa na kila mtu tangu nianze chuo."

Mwalimu akanitazama kama mwanafunzi aliyejibu kabla hajaulizwa. Nikawaeleza kwamba saruji na udongo havitanuki sawasawa, tanuri likipata moto kila kimoja kitavuta upande wake, na ufa utatoka pembeni ukiwa na hasira zaidi. Shangazi akaniambia basi niseme la kufanya, maana la kutofanya keshalisikia.

Nikajitengeneza, nikaanza kufundisha. "Shangazi, ukiwasha moto, tanuri linatanuka. Ukizima, linasinyaa. Kila linapotanuka na kusinyaa, ufa unavuta hatua moja. Zile nyaya za Anko zimeushika ufa, kama uzi unavyoshika gauni linalobana, lakini kila ukikaa na kuinuka, ule uzi unakatika kidogo. Ndo uchovu wenyewe. Sasa kuna na jambo la pili..."

"Nimeelewa," akasema Shangazi.

"Bado sijamaliza."

"Nimeelewa, mwanangu. Mie nimezaa na kulea, nitashindwa kuelewa tanuri?"

Akaingia ndani. Mie nikajua somo limeingia, nikafurahi. Siku iliyofuata nikaondoka kwenda chuoni kulala hosteli, kwa kuwa mashine yangu ilikuwa kwenye jaribio refu na sikumwamini mtu mwingine kuilinda umeme ukikatika.

Niliporudi Mtoni nilisikia harufu ya makande tangu kwenye kona ya mtaa. Nikakaribia, nikasikia harufu ya mihogo. Nikafungua mlango wa uani, nikakuta watu. Kulikuwa na masufuria juu ya tanuri, masufuria pembeni ya tanuri, chungu cha maharage kimeegeshwa mdomoni, na mama mmoja nisiyemjua anageuza samaki wa kuchoma kama yuko kwake. Tanuri lilikuwa linawaka, na lilivyokuwa limewaka lilionekana halijapumzika siku nyingi. Mwalimu alikuwa amekalia kigoda, daftari za wanafunzi mapajani, anasahihisha huku anasukuma kuni kwa mguu.

"Shikamoo Mwalimu. Kuna msiba?"

"Marahaba. Msiba wa nini? Ni zamu yangu hii. Mama amelala, zamu yake inaanza alasiri."

"Zamu ya nini?"

"Ya moto," akasema, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Si ulisema likipoa linaumia? Basi sie hatuzimi."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi nikacheka. Nilicheka mpaka Shangazi akaamka, akatoka na khanga ya kulalia, macho mekundu kwa moshi, na uso unaong'aa kwa ushindi. Alikuwa ameokoa kiganja. Tangu mie niondoke tanuri halikupoa hata mara moja, mtaa mzima ulijua, na kwa kuwa moto hauwezi kuwaka bure, kila mwenye chungu alikaribishwa. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu ile kesi ya mfereji wa maji machafu walikuwa wanaonjeshana mchuzi. Sijawahi kuona utafiti wangu ukileta faida kubwa namna ile, na nina hakika sitauona tena.

"Njoo uone penseli yako," Shangazi akaniambia. "Alama ya mwisho haijavukwa."

Kweli haikuvukwa. Nikakaribia kwa furaha, nikaufunika uso kwa khanga kwa ajili ya joto, nikamulika ndani ya ufa. Furaha ikanitoka. Zile nyaya zilizokuwa zikiushika ufa, ambazo mwanzo zilikuwa nyeusi na ngumu, zilikuwa zimegeuka nyekundu kwa kutu na kuvimba. Nikagusa mmoja kwa ncha ya kijiti. Ulimomonyoka ukawa unga.

"Nini?" Shangazi akauliza.

"Lile jambo la pili," nikasema.

Nikawaeleza, safari hii bila mbwembwe. Moto peke yake nao una kazi yake. Ufa ukishafunguka, hewa inaingia humo pamoja na joto, na hewa ya moto inazila nyaya. Kadiri moto unavyokaa muda mrefu ndivyo zinavyooza. Kwa nje ufa unaonekana umetulia, kumbe wale walioushika wanakufa mmoja mmoja. Siku ukiamua kutembea, hautatembea, utakimbia.

Mwalimu akaacha kusahihisha. Hata yule mama wa samaki aliacha kugeuza.

"Kwa hiyo," Shangazi akasema taratibu, "likipoa linaumia, na lisipopoa linaumia."

"Ndiyo."

"Mtume! Sasa si ungesema tangu mwanzo!"

"Shangazi, ulinikatisha!"

"Na wewe ukakubali kukatishwa? Na elimu yote hiyo?"

Mwalimu akajifanya anasahihisha. Mie nikaanza kucheka tena, na Shangazi, ingawa alikuwa na hasira za kweli, akanichapa begani na ncha ya khanga akacheka pia. Kisha akageuka akakitazama kile kiganja, na kicheko kikaisha. Akasema tuzime. Tukaziba mdomo wa tanuri kwa bati na majivu, lipoe pole pole, watu wakabeba masufuria yao na kuaga kana kwamba wametoka mazikoni.

Baada ya hapo halikuwashwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu ya Shangazi: tanuri lipumzike moja kwa moja, ufa ubaki palepale, kiganja kibaki kizima. Na ilikuwa hukumu sahihi kabisa kwa upande wa ufa. Tatizo lilikuwa Shangazi mwenyewe. Asubuhi alichovya mkono kwenye unga kwa mazoea, akauweka ndani ya kiganja, halafu akasimama tu. Hakuwa na la kumwambia. Amwamshe kwenda wapi? Wateja walikuja kuulizia skonsi, akawajibu kwa mkato, yeye ambaye kwa kawaida huwezi kununua skonsi kwake bila kupewa habari za watu watatu. Mchana alilala. Nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nawasha redio makusudi ili agombe, na wala hagombi.

"Naona kama nimemfungia Anko wako kabatini," aliniambia siku moja tukiwa tunachambua mchicha. "Hajavunjika, lakini namsikia anagonga."

Nilimpenda sana pale, na nilijua siwezi kumrudishia alichokuwa anakitaka, kwa kuwa alitaka vitu viwili visivyokaa pamoja: tanuri linalowaka, na kiganja kisichoguswa. Nikawa nalifikiria hilo hata nikiwa mbele ya mashine yangu. Mwishowe nikamjia na wazo nililoliona la akili sana. Wafinyanzi wana desturi ya kusaga vigae vya vyungu vya zamani na kuuchanganya huo unga wenye punje na udongo mpya. Kigae kimeshapita motoni, hakisinyai tena, na ufa ukikutana na punje zake unalazimika kuzunguka. Basi tulibomoe tanuri la zamani, tulisage, tujenge jipya. Na kiganja tukitoe kwanza kikiwa kizima, tukining'inize sebuleni, juu ya kochi, pale ilipo kalenda.

"Sebuleni," Shangazi akasema. "Haya."

Tulifanya kazi hiyo Jumamosi, sie watatu. Mwalimu alishika patasi, mie nyundo, Shangazi akashika khanga iliyokunjwa chini, kama mkunga. Sijawahi kuwa na mkono mwepesi kiasi kile, hata maabara. Tulichonga kuzunguka kiganja mpaka kikalegea, nikapiga mara ya mwisho, kikaangukia kwenye khanga. Kizima! Ncha ya ufa ilikuwa imebakiza upana wa kidole tu kufika kwenye kile kidole kilichopinda. Nilipiga vigelegele, Mwalimu akarukaruka na umri wake ule. Shangazi akakiweka juu ya mkeka, akakipangusa, akatuambia tuendelee.

Tukabomoa yaliyobaki, tukaanza kutwanga vipande kwenye kinu. Yeye alikaa mkekani na kiganja chake. Alikitazama, akageuka akaitazama sebule kupitia dirishani, lile kochi lenye vitambaa, maua ya plastiki, kalenda. Akakitazama tena. Halafu akaanza kucheka peke yake.

"Hivi," akasema, "Anko wako alishawahi kukaa kwenye lile kochi?"

Nikafikiri. Sikukumbuka hata siku moja. Wageni wakija alisalimia akiwa mlangoni, akarudi zake nje kwenye matairi.

"Aliniambiaga linamchoma," Shangazi akasema. "Sasa mie nimtundike pale juu? Awe ananitazama kutwa, ananiuliza skonsi ziko wapi?"

Akainuka na kile kipande mikononi. Nikaona anakokwenda, nikapiga kelele, "Shangazi, hapana! Shangazi, tumeshakitoa kizima!" Mwalimu akanishika mkono, na mshiko wa Mwalimu umenyoosha vizazi. Shangazi akakiweka kiganja ndani ya kinu, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akautwaa mchi kutoka kwangu.

"Haya baba," akasema. "Rudi kazini."

Akatwanga. Alitwanga huku machozi yanamtoka na huku anacheka, na mie nililia tu, sikuwa na uwezo wa kufanya yote mawili. Akachekecha mwenyewe kwa chekeche lake la unga. Hakuruhusu hata punje imwagike. Tukauchanganya na udongo mpya, tukavua viatu, tukaukanyaga sote watatu, Shangazi akitugombeza kwamba tunakanyaga kama tunaogopa kumuumiza. Nyaya za tairi tukaziweka tabaka la nje tu, pasipofika moto mkali. Huo ulikuwa mchango wangu, na nilihakikisha kila mtu ameusikia. Lilipokuwa bado bichi nikamwambia Shangazi agandamize kiganja chake juu ya mdomo. Akakataa. Akasema watu wakitaka kumuona yupo, waje wanunue skonsi.

Tanuri jipya nalo limepasuka. Ningekuwa mwongo nikisema halikupasuka, na hakuna tanuri duniani lisilopasuka. Nakula mkate wangu kwa ukweli huo. Shangazi alinipigia simu nikiwa maabara, bila hata salamu.

"Umeanza," akasema. "Njoo na penseli."

Nikaenda. Ufa ulianzia kona ileile, mshenzi yule, ukapanda kwa ujeuri uleule. Lakini nilipomulika nikaona umefika kwenye punje ya kigae cha zamani, iliyokolea rangi kuliko udongo wa pembeni. Hapo umekunja kushoto. Umekutana na nyingine, ukakunja tena, na nyingine, mpaka ukawa mwembamba, ukapotea. Nikaanza kumweleza Shangazi kwamba hiki tunachokiona ni kitu maalumu, kwamba punje inauchosha ufa, unapoteza nguvu kila unapo...

"Nimeelewa," akasema.

"Shangazi, bado sijamaliza."

"Umekutana na Anko wako, basi. Ulidhani angeupisha?"

Akachovya mkono kwenye unga, akauweka ubavuni mwa tanuri, popote tu mkono ulipoangukia, akaliambia liamke.